Kamati ya Mikia

Wananchi watukufu wa Malindi, kwa niaba ya Kamati Maalumu ya Ustawi wa Mbegu za Kiume, ambayo mimi ndiye katibu mwenezi, natangaza kwamba zoezi letu limefaulu kupita kiasi. Hapo kwenye kupita kiasi ndipo penye tatizo.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mwambire, alisikia redioni kuwa wanyama wanaonyonyesha, binadamu akiwemo, wana protini inayoiotesha mbegu ya kiume mkia. Pasipo protini hapana mkia, na pasipo mkia mbegu hukaa tu, kama karani anayengoja chai. Mheshimiwa aliguswa. Alioana na Sidi zamani, na nyumba yao bado haijasikia kilio cha mtoto. Siku hiyo hiyo akaunda kamati ya kupima watu.

Akapima wanawake.

"Wanaume tusiwaguse," alieleza kikaoni. "Tutashusha heshima ya wadi."

Maazimio yakasomwa kwa kipaza sauti hadi soko zima likayashika: mwanandoa asiye na protini atarudishwa kwao pamoja na kadzama, lile dumu la tembo la mnazi la kufungulia maneno kwa wazee. Na atakayekwepa kipimo ahesabiwe hana.

Wanawake wakatema mate vichupani. Hakupatikana hata mmoja mwenye protini. Kamati ilisikitika kitaalamu. Nyokabi, mpimaji tuliyemwajiri kutoka bara pamoja na mashine yake, akatuambia protini hiyo kazi yake iko kwenye korodani. Tukamjibu kuwa korodani hazimo kwenye ajenda.

Mheshimiwa akanunua kadzama ya kumrudishia Sidi kwao Rabai. Mitaani tulishamjua hata bibi mpya: Janet wa saluni.

Siku ya kuagana ukumbi wa wadi ulifurika. Watu walikuja na viti vyao na viazi karai. Sidi akasimama, leso kiunoni.

"Nitaenda, bwanangu. Ila mashine hii nitajuaje kama si kopo la rangi? Mimi imesema sina. Nawe toa chako, tuisikie ikisema ndiyo."

"Toa, mheshimiwa!" wanawake wakadakia. "Ama mkia umekatika?"

Mwambire akacheka kile kicheko chake cha kampeni, akachukua kichupa, akaingia chooni. Choo kile kina mlango wa nyuma, na huko nyuma ndiko anakofunga beberu wake. Alikawia. Beberu alisikika akilalamika, lakini kamati haikupokea malalamiko yoyote rasmi. Mheshimiwa akarudi anatweta, koti limechanika begani.

Mashine ikalia. Nyokabi akaitazama, akaitazama tena.

"Protini ipo. Tena tele."

Mimi mwenyewe niliongoza makofi.

"Lakini ni ya mbuzi."

Papo hapo nilitoa tamko kwamba beberu naye ni mnyama anayenyonyesha, hivyo kisheria hakuna kilichoharibika. Sikupewa nafasi ya kufafanua.

"Basi bwanangu amekwepa kipimo," Sidi akasema. "Na anayekwepa, tulikubaliana nini?"

"Ahesabiwe hana!" ukumbi mzima ukajibu.

"Na asiye nayo?"

"Arudishwe kwao!"

Akainua ile kadzama, akamtwika mumewe kichwani. Wakatoka, na sisi nyuma yao na viti vyetu, mpaka mtaa wa Barani kwa Mama Idah, mzazi wa mheshimiwa.

"Shikamoo, mama. Nimemrudisha mwanao."

"Marahaba, mwanangu. Kakosa nini?"

"Mkia."

Mama Idah akaonja mnazi, akamtazama mwanawe toka juu hadi chini, akamwonyesha pa kuweka dumu. "Na yule beberu?"

"Beberu nabaki naye, mama. Yeye kafaulu."

Kamati imeahirisha shughuli zake hadi itakapotangazwa tena. Mimi, kwa wadhifa wangu, bado sijapimwa. Asubuhi hii nimempita mke wangu kwa mgema, anauliza bei ya dumu.