Moyo wa Gathoni na Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa! Wazee wameniteua niwe msemaji wetu Jumamosi kwenye ruracio, mazungumzo ya mahari ya Njoki, binti wa marehemu kaka yangu. Upande wa pili wana Nderitu, bingwa wa methali. Nikiharibu, Njoki ataaibika mbele ya wakwe. Moyo unadunda. Wazo: barua ya daktari ya kuniondolea kazi hiyo!

Jumanne, 5 Agosti
Kliniki, Kerugoya. Nikamwambia muuguzi Nyawira nina ugonjwa wa wasiwasi, sawa na mke wangu Gathoni. Jasho, tumbo, usingizi hakuna. Akauliza ulianza lini. Jana, saa nne. Akauliza Jumamosi ikipita nitakuwaje. Mzima kabisa, nikasema, nitakula mbuzi. Akaweka kalamu chini. "Mzee, hiyo si ugonjwa. Hiyo ni wasiwasi ya kawaida, itaisha na hiyo siku." Ugonjwa, akasema, hukaa miezi, hata pasipo sababu, na humzuia mtu kufanya aliyoyazoea. Barua sikupata. Mkali! Lakini anaijua kazi yake.

Alhamisi, 7 Agosti
Mbinu mpya: kumchunguza Gathoni, nijifunze kuumwa vizuri. Nimemkuta akichambua nyanya za kupeleka soko la Kagio, mikono ikitetemeka. Nani kamuudhi? Hakuna. Nyanya nzuri, watoto wazima, ila yeye anahisi kama nyumba inaungua. Tangu Januari! Miezi mitatu hakukanyaga sokoni. Sasa, kwa dawa na ushauri wa kliniki, huketi kwanza kwenye kreti, huvuta pumzi polepole, kisha huinuka na kwenda. Kila siku. Na mimi nilidhani anadeka. Nimeona haya. Nimembebea kreti moja. Nzito mno, nimeiacha langoni.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilisimama, ulimi ukakauka, nikawaambia wageni wamchukue tu. Kabla ya chai! Hata hawajaomba! Njoki akajifunika uso. Ndipo Gathoni akainuka, anatetemeka, ameshika pindo la leso. Akasema mzee alikuwa anawatania, msichana wa nyumba hii hatolewi kirahisi hivyo, waanze upya kwa kubisha mlango. Nderitu akavua kofia. Wakaanza upya. Sijawahi kuona ushujaa kama ule. Huyo ni mke wangu!

Jumatatu, 11 Agosti
Nimelala fofofo siku mbili, moyo umetulia. Nyawira alisema kweli. Lakini leo mchungaji ameniomba nisome matangazo Jumapili. Dunda, dunda! Kuna kliniki nyingine Kutus, na huko hawanijui. Safari hii nitasema ulianza mwaka juzi.