Uvumbuzi Ulionukia Mtungi wa Maziwa

Leo nimerudi nyumbani bila uso. Uso wangu nimeuacha chuoni, karibu na tanuri la umeme, na sina mpango wa kuufuata.

Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine. Garissa ni ndogo, na wanafunzi wote waliokuwa pale wana simu.

Kwa wasionijua, mimi ni Dahabo, nauza maziwa ya ngamia sokoni. Ni kifungua mimba kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikashika mitungi ya mama, nikaapa kwamba katika wadogo zangu hakuna atakayeishika kabla hajamaliza masomo. Nasra ndiye anayenifuata. Yuko chuo cha ufundi hapa mjini, na leo ilikuwa siku yake. Wakaguzi wawili, madaktari wa sayansi, si wa hospitali, walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kuangalia kifaa alichobuni. Wakikikubali, anakwenda huko kuendelea na utafiti kwa ufadhili. Wakikikataa, masomo yameishia hapo, maana uwezo wa kumsomesha zaidi ya hapa sina. Atakuja kukaa nami sokoni, tufukuze nzi pamoja.

Kwa hiyo mwelewe kwamba leo sikuamka kufanya mchezo.

Kifaa chenyewe wanakiita seli ya oksidi imara. (Msiniulize zaidi. Naandika nilichosikia.) Ukikiona ni bomba la kauri, nene kama tochi, limezibwa upande mmoja. Ndani limepakwa dawa fulani na nje dawa nyingine. Gesi inapita ndani, hewa inapita nje, bomba linapashwa moto mpaka liwe jekundu, na umeme unatoka. Hakuna mwali wala kelele ya jenereta. Hata gesi ya samadi ya ng'ombe inatosha. Nasra amenieleza haya jikoni mara nyingi sana, mimi nikiitikia huku nawaza maziwa yasichachuke.

Jana alikuja na bomba nyumbani, hapa Waberi, kwa sababu stoo ya chuo haina kufuli la kuaminika. Asubuhi akatangulia kwenda kupanga nyaya. Hakutaka kulibeba kwenye boda boda, alisema likigongwa kidogo tu limepasuka. Mimi ningekuja nalo kwa miguu, polepole. Tayari alikuwa mlangoni alipogeuka, akaniita dada kwa Kisomali chetu.

"Abaayo, tafadhali. Usilioshe."

Nikamwambia sitaliosha. Na mimi nikipewa agizo, nimelishika.

Tatizo lilikuwa harufu. Walikuwa wamelijaribu kwa gesi ya samadi, na nilipofunua kitambaa nikakutana na harufu ya yai lililooza. Nikawaza wale wageni wa Nairobi na manukato yao, wanainama kuangalia uvumbuzi wa mdogo wangu, wanaziba pua. Halafu wanatazamana.

Sisi tumekua tukitazamwa hivyo. Mtoto wa watu akienda shule na kola chafu, watu husema ana kola chafu. Wa kwetu akienda hivyo, husema hana mama. Nimesugua kola miaka yote hii ili maneno hayo yasisemwe mlangoni kwangu. Nisingekubali yasemwe leo, mbele ya madaktari.

Sikuliosha. (Naomba hilo liandikwe mahali.)

Nilifanya kile tunachofanya na mitungi. Anayeuza maziwa ya ngamia anajua kwamba sabuni peke yake haitoshi. Unachukua kijiti chenye kaa, unakitia ndani ya mtungi, unaziba mdomo, unautikisa, moshi unazunguka mpaka mtungi mzima unanukia. Harufu mbaya inakufa na maziwa yanakaa siku nzima bila kuharibika. Mama alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake. Moto wangu ulikuwa unawaka, mitungi yangu imepangwa mstari, na lile bomba liko pembeni. Lina mdomo. Lina tumbo. Chini limezibwa. Niambieni ukweli, mngekuwa ninyi mngeliona kama nini?

Nikalifukiza. Nikalinusa, bado kulikuwa na yai kwa mbali. Nikalifukiza tena. Lilipotoka mara ya pili lilinukia vizuri mpaka nikatamani kulitia maziwa.

Nikalifunga ndani ya shali yangu ya Idd, nikalibeba kifuani kama mtoto mchanga, na mkono mwingine nikachukua mtungi mdogo wa maziwa wa kuwakaribisha wageni. Njiani watu wawili walinipongeza kwa kujifungua.

Chuoni Nasra alinipokea mbio, akalichukua bomba, akalitia kwenye tanuri, akafunga nyaya zake. Mtauliza kwa nini hakuisikia ile harufu. Mimi kila siku nanuka moshi wa mitungi. Kwake yeye hiyo si harufu ya moshi. Ni harufu ya dada.

Mwalimu wake, Bwana Kioko, ni Mkamba mwenye adabu sana. Alinisalimia kwa salamu ndefu ya Kisomali aliyoifanyia mazoezi, akaniweka kwenye kiti cha mbele kabisa, akatangaza kwamba huyu ndiye mzazi wa Nasra. Wanafunzi wakapiga makofi. Nilikaa wima. Mimi hata nilipokuwa shule sikuwahi kukaa mbele.

Wageni walikuwa mwanamume mmoja mkimya na mama mmoja, Daktari Njeri, aliyevaa suti ya rangi ya maziwa. (Ikumbukeni rangi hiyo kwa huruma. Ilikuwa ya maziwa kabla yangu.) Yeye ndiye aliyekuwa anauliza. Alikuwa na kalamu, na kila Nasra akimaliza sentensi, kalamu inaandika kitu.

Tanuri lilikuwa linapanda moto polepole, kwa sababu ukiliharakisha kauri inapasuka. Nasra akaanza kueleza. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Alisema ndani ya bomba kuna kichocheo, madini ya nikeli, yanayosaidia gesi itoe umeme. Nikeli ni hodari lakini ina ubaya wake. Ukiipa gesi kama ya samadi, inakusanya masizi mpaka inazibwa na kufa. Wengi wameshindwa hapo. Yeye amechanganya nikeli na unga mwingine uitwao seria, akaupaka kwa tabaka jembamba sana. Oksijeni inapenya kupitia kwenye kauri yenyewe na kuyachoma masizi kabla hayajajaa.

Nilielewa. Wallahi, kwa mara ya kwanza nilielewa yote. Machozi yalikuwa karibu.

Daktari Njeri akasogea mpaka karibu na tanuri. "Kwa hiyo unatuambia kifaa chako hakizibwi na masizi."

"Ndiyo, Daktari."

Moshi ukatoka.

Haukuwa moshi wa aibu aibu. Ulitoka mdomoni mwa tanuri mzito, mweupe, ukapanda hadi kwenye feni, na feni ikaugawa ukumbi mzima kwa haki. Watu wakaanza kukohoa. Bwana Kioko akasema tutoke nje kwa utaratibu, yeye mwenyewe akitoka bila utaratibu. Nasra alisimama pale pale, mkono hewani, kama picha.

Nikaona kazi ya mdogo wangu inaungua. Mtu kama mimi hakai akaona hivyo. Nikainuka, nikang'oa kifuniko cha mtungi, nikarusha maziwa yote kuelekea kwenye tanuri.

Na hapo ndipo harufu iliponifikia.

Ilikuwa harufu yangu. Mti wangu, kaa langu, mkono wangu. Nilielewa kila kitu kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii maziwa yalikuwa tayari hewani.

Hayakufika kwenye tanuri. Alhamdulillahi, tanuri ni salama. Yalifika kwa Daktari Njeri, aliyekuwa ameinama katikati ili aone vizuri. Yalimwanzia kwenye nywele yakamalizikia kwenye viatu.

Kilichosikika ni feni, na matone.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mlinzi wa getini, Adeer Hirsi, mzee wa watu, kikombe mkononi, uso umechangamka. Alikuwa amefuata harufu. Akauliza kwa upole kama maziwa yameshafika, na nani kafukiza mtungi vizuri namna hii. Akamwona Daktari. Akakitazama kikombe chake. Akarudi kinyumenyume, akafunga mlango.

Daktari Njeri hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijipangusa jicho moja kwa kidole, akamgeukia Nasra.

"Huu moshi ni wa nini?"

"Sijui, Daktari." Sauti ya Nasra ilikuwa ndogo.

"Hujui kilicho ndani ya kifaa chako?"

Na ile kalamu, ingawa ilikuwa inadondosha maziwa, ikashuka kwenye karatasi.

Ningeweza kunyamaza, jamani. Hakuna aliyekuwa akiniangalia mimi. Lakini niliiona kalamu ile, nikamwona Nasra sokoni pembeni yangu, anafukuza nzi kwa akili yote ile. Nikasema, "Ni mimi."

Wote wakageuka.

"Nililifukiza asubuhi. Kama mtungi."

Daktari akainua kalamu. "Kwa nini?"

"Lilikuwa linanuka. Na niliambiwa nisilioshe."

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi nyuma kikaja kama mvua ya Garissa, yaani bila taarifa. Bwana Kioko, aliyekuwa amerudi, alijifunika uso kwa faili, lakini faili lilikuwa linatetemeka. Yule mgeni mkimya aligeukia ukutani na mabega yake yakaanza kuruka. Mimi nilibaki nimesimama na mtungi mtupu. Nikajifunika shali mpaka puani. Shali nayo ilikuwa inanuka moshi.

Nasra peke yake hakucheka. "Abaayo," akasema polepole, "ulilifukiza mara ngapi?"

"Mbili." Nikaona aongezewe maelezo. "Wageni ni wageni."

Daktari Njeri akamuuliza kama ana bomba lingine. Lilikuwepo, safi, kwenye droo ya ofisi ya Bwana Kioko, na Bwana Kioko alishaanza kulifuata. Moyo wangu ukatua. Walilete hilo safi, nami niende nyumbani nikafie huko.

"Mwalimu, ngoja," Nasra akasema. "Nimewaambia wageni halizibwi na masizi. Tuendelee na hili."

Nilitaka kumvuta sikio. Kweli, nilitaka kuvuka ule ukumbi nimvute sikio mbele ya madaktari wote. Lile bomba nililifukiza mimi, na kazi ya mkono wangu naijua. Moshi wangu haubanduki.

Tukasubiri. Daktari alikataa kwenda kubadilisha nguo, akavuta kiti akakaa mbele ya tanuri huku anakauka na kunata. Moshi ukapungua, ukaisha. Namba za moto zikaendelea kupanda. Nasra akafungua gesi, akaunganisha mita na taa ndogo.

Mita ikasoma sifuri.

Nikasoma kila dua niliyofundishwa. Sifuri. Nikaanza na zile ambazo sina hakika nazo. Kisha mita ikatikisika, ikapanda kidogo, ikasita kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ikapanda tena. Taa ikawa nyekundu, halafu ya njano, halafu ikawa taa. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wameinama kuangalia, isipokuwa mimi, niliyeambiwa na Bwana Kioko, kwa heshima zote, nisisogee.

"Kwa bomba safi huwaka zaidi ya hivi," Nasra akasema. Hakujisifu wala hakuficha. "Lakini bado linapanda. Masizi yanaungua."

"Naona," Daktari akasema. Kalamu ikaandika, na safari hii iliandika kwa muda mrefu.

Kabla ya kuondoka walimwita mbele. Nafasi ameipata. Anakwenda Nairobi. Nililia kilio kile cha kukunja uso wote, na wapo waliokirekodi pia. Ila Daktari aliweka sharti moja, na alilisema mbele ya watu wote. Bomba lolote litakalotengenezwa kuanzia leo lisilale nyumbani kwetu. Nasra alikubali kabla sentensi haijaisha. (Haraka ile iliniuma kidogo.)

Nikamfuata Daktari mpaka kwenye gari, nikamwomba aniachie lile koti nikamsafishie, nitalituma likiwa linanukia.

Akalikumbatia koti lake. "Asante sana, Dada Dahabo. Hili nitaliosha kwa maji."

Kesho niko sokoni kama kawaida. Anayekuja kununua maziwa, karibu. Anayekuja kucheka, apange foleni nyuma ya Nasra. Alianza tuliposhuka kwenye boda boda, na mpaka naandika haya hajamaliza.