Unga wa Nano Chini ya Turubai

Jumatatu, 5 Julai 2004
Moshono. Naogopa. Bibi afya wa kata, Silantoi, atakuja Ijumaa kukagua shimo la maji machafu hapa ninapooshea magari. Akiyakuta meusi, anafunga. Akifunga, nimekwisha! Sina kazi nyingine, na nyumbani Machame nilishatangaza kuwa mimi ni mkurugenzi.

Ila Sadoki wa maabara, tuliyesoma naye, kanipa mkebe wa unga mweupe. Unaitwa nano. Chembe zake ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Zikipigwa na jua zinaua bakteria na kuvunjavunja mafuta na sabuni. Lazima jua, alisema, tena na tena, mpaka akanichosha. Nikamjibu nimeelewa.

Jumanne, 6 Julai
Nimemwaga mkebe mzima. Kugeuka, Philemoni huyu hapa, mwosha magari wa ng'ambo ya barabara, anachungulia. Yule huiga kila kitu. Nilipaka ukuta bluu, naye akapaka bluu. Haraka nimefunika shimo kwa turubai, nikapanga mawe pembeni. Akauliza nimefunika nini. Nikasema nina msiba. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumatano, 7 Julai
Nakohoa. Chembe zisizoonekana! Huenda zimeshafika kichwani. Nimejifunga kitambaa usoni siku nzima. Mteja mmoja kaniona, kageuza gari, kakimbia. Ameingia kwa Philemoni.

Alhamisi, 8 Julai
Balaa! Ng'ombe wa Mzee Lemburis, jirani yangu, katoboa turubai kwa pembe. Kanywa. Kisha akalala chini, anagumia. Nimeua ng'ombe wa Mwarusha! Nitaitwa mbele ya wazee, nitatozwa ng'ombe, nami sina hata mkia wa ng'ombe. Mzee alipofika nikampa shikamoo mbili mfululizo. Akaitikia marahaba, akauliza nalia nini, kwani ng'ombe si anazaa tu? Kweli, katoka ndama mzima. Mimi sikuamini. Nimemkagua miguu yote, na macho.

Ijumaa, 9 Julai
Bibi afya kaja. Nimefunua turubai. Maji meusi tii! Harufu ndiyo imezidi. Nikamweleza habari za nano, chembe, bakteria, kila kitu. Akaziba pua, akauliza hilo jua lilikuwa linapitia wapi. Kanifungia wiki moja. Ijumaa ijayo maji yasipokuwa safi, nafungiwa moja kwa moja. Philemoni alikuwepo. Akanipa mkono, akasema pole kwa msiba.

Jumamosi, 10 Julai
Sadoki kaleta mkebe mwingine, anasema ndio wa mwisho, hana tena. Kaniagiza niache shimo wazi, nikae kivulini, nisiguse kitu. Mtu mwema sana Sadoki, lakini biashara haijui.

Mimi kosa nimeshaligundua. Ni lile tundu la pembe! Philemoni atakuwa alichungulia hapo, akaniharibia dawa. Nimekwenda Kisongo kwa shemeji, nimerudi na mabati na simenti. Shimo naliezeka leo leo, na pembeni nasiliba pote. Safari hii hapenyi ng'ombe, hapenyi Philemoni, halipenyi hata jua.