Suti ya Mhandisi Ndani ya Ndoo

Mhandisi hakuwa mhandisi wa kitu chochote, ila alikuwa na suti ya sufu, na suti hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake, cheti chake na mtaji wake. Bila suti, nani angemsikiliza? Basi siku alipoona rundo la nguo zenye madoa ya mafuta kwa dada mmoja dobi, mate yakamjaa kinywani.

Akarudi chumbani kupika sabuni. Sabuni ya kweli ni mafuta na kostiki, yale magadi makali yanayobabua mikono. Unapima, unakoroga, kisha unaiacha wiki kadhaa mpaka ukali wote uishe. Mhandisi wa watu hakuwa na wiki kadhaa, wala mizani. Alikadiria kwa jicho, tena jicho lenye usingizi, na kesho yake akakata vipande.

Kwa dobi alimwaga sera. Akaeleza kwamba kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unang'ang'ania doa, kichwa kinavutwa na maji, doa linaondoka litake lisitake. Hayo yalikuwa kweli tupu, na ndiyo pekee aliyoyasema kwa mashaka. Akaongeza, bila kupepesa macho, kwamba sabuni yake haimbabui hata mtoto mchanga.

"Vizuri, kaka," dada dobi akasema. "Basi nifue hiyo suti yako. Ikitakata, nachukua mzigo wote."

Akikataa, amejiumbua. Mhandisi akavua, akajifunga shuka, akakaa nyuma ya pazia akimwomba Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye siku nyingi.

Dada akarudi na ndoo ya maji ya moto. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu, na vifungo vya suti vimelala juu yake.

"Imeyeyuka, kaka. Hebu ngoja niite majirani waje waone."

Mhandisi alijua fika kwamba kostiki inakula sufu. Alitokea mlango wa uani, shuka kiunoni, sabuni zote akaziacha.

Aliililia suti ile kama aliyefiwa. Maskini, ikabidi abebe madumu ya mafuta ya kupikia sokoni, na huko ndiko alikokuta umati umemzunguka mume wa dobi. Jamaa alikuwa akiuza sabuni zilezile, zilizopikwa upya na kuongezwa mafuta, naye amependeza ndani ya suti ya sufu yenye vifungo vipya.

Dada dobi akamsogelea, akamnong'oneza, "Ndani ya ndoo lilikuwa blanketi la sufu la bibi. Lilishachakaa."

Mhandisi akafura kwa hasira. Lakini angedai vipi suti bila kueleza kwa nini aliamini imeyeyuka?

"Shemeji," mume akamwita, "sogea na hilo shati lako lenye doa la mafuta."

Doa likasuguliwa mbele ya watu, likatoka lote. Umati ukapiga makofi, na Mhandisi, machozi yakimlengalenga, akanunua vipande viwili.