Mapokezi ya Mashujaa wa Kilima Namba Tisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniomba nimwakilishe, kwa hiyo najisalimia mwenyewe kwa heshima zote ninazostahili; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Mapokezi; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mapokezi; wajumbe wa kamati hizo mbili pamoja na wenza wenu mliofuatana nao kwenye ziara za mafunzo; makamanda mliopo hapa, na makamanda msiokuwepo kwa sababu mpo kule; viongozi wa dini zote; waandishi wa habari, hasa wenye kamera; kiongozi wa bendi ya jeshi na bendi yako, ambayo leo naona imebaki na mpiga ngoma na mpiga matoazi, lakini hilo tutalifafanua baadaye; wazazi, wake, kaka na dada za askari wetu; mabibi na mabwana, itifaki yote imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele. Yanaisha mapema. Mkurugenzi Mkuu anayehutubia anaendelea kuyangoja.)

Kabla sijasema nilichokuja kusema, naomba tukubaliane kiitikio, maana shughuli bila kiitikio haionekani vizuri kwenye televisheni. Nikisema "Askari wetu", ninyi mtasema "Wamerudi". Tujaribu. Askari wetu. (Ukumbi: Wamerudi.) Sijawasikia wa kule kwenye mabenchi ya nyuma. Askari wetu. (Ukumbi, kwa nguvu zaidi: Wamerudi. Mama mmoja wa benchi la kwanza, mwenye mfuko wa plastiki mapajani, anafuta macho.)

Ndugu wananchi, mimi kama Mkurugenzi Mkuu wa Mradi wa Taifa wa Kurejesha Askari Nyumbani, nafasi ambayo sikuiomba bali niliteuliwa mara mbili baada ya kuiomba mara moja, nasimama mbele yenu kuwaonyesha matunda. Tazameni hapa nyuma yangu. Hawa ishirini mnaowaona kwenye kombati ni mashujaa wa Kilima Namba Tisa, wanaowakilisha wenzao elfu nne waliokwenda ng'ambo kupigana vita ya watu wengine kwa muda wa miaka sita. Mnawaona wamekaa wima, kofia zimeshuka hadi kwenye nyusi, na miwani ya jua humu ndani, kwa sababu za kiusalama ambazo siwezi kuzitaja hadharani. Msiwasogelee kwanza. Kutambuana na kukumbatiana vipo kwenye ratiba, kipengele cha kumi na nne, baada ya vinywaji. Najua kila familia imeleta nguo za kiraia za kijana wake kama tangazo lilivyoelekeza, na nawapongeza kwa kuzipiga pasi. (Watu wanainua mifuko yao juu ili Mkurugenzi Mkuu aione.)

Sasa kuna wanaouliza, kwa nini tumeamua kuwaondoa askari wetu kwenye vita ile? Swali zuri, na nitalijibu kitaalamu. Tulifanya upembuzi yakinifu wa awamu ya kwanza, wa awamu ya pili, na wa marudio ya awamu ya kwanza, na tukabaini mambo mazito. Mosi, Kilima Namba Tisa tumekiteka mara saba. Naomba mnitajie jeshi lingine lolote lililowahi kukiteka kilima kilekile mara saba. (Sauti kutoka nyuma: Kwa hiyo tulinyang'anywa mara sita.) Huyo anayesema nyuma ana kichwa cha hesabu na namheshimu, lakini kwenye ripoti yetu kuna safu ya kuteka tu. Safu ya kunyang'anywa haikutengewa bajeti. (Vicheko. Mkurugenzi Mkuu naye anacheka, akidhani wanacheka naye.)

Pili, ni suala la lengo. Tulipokwenda, lengo lilikuwa kumfurusha adui ndani ya miezi mitatu. Mwaka wa pili tukalihuisha, likawa kumchosha adui. Mwaka wa nne likawa kufahamu adui anakaa wapi. Hivi sasa, mwaka wa sita, lengo ni kumjua adui ni nani, na naona fahari kuwaambieni kwamba utekelezaji wake umefikia asilimia sitini na mbili. Wenyeji wa nchi ile, ambao tulikwenda kuwasaidia kabla hawajapata usumbufu wa kutuomba, tuliwapelekea dodoso la kisasa. Asilimia tisini na nane walijibu kwamba tuondoke, na hao wengine wawili katika mia hawakukutwa nyumbani. Kitaalamu hayo tunayaita maoni mchanganyiko.

Nami si mtu wa kuhadithiwa. Nilifika kule mwenyewe, nikalala hotelini siku nzima na usiku wake, na kwa darubini nililiona handaki wanamolala vijana wetu. Niliumia. Nilikula, lakini niliumia. Nikajiuliza, hata kama kesho tukishinda, kule juu kuna nini? Kuna mawe, mbuzi wawili na bendera yetu, na mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kuila bendera. Hapohapo nikasema vita hii haishindiki, na nikabuni ile iitwayo eksiti strateji, yaani mkakati wa kutoka, ambayo leo nchi za jirani zinatuma wajumbe waje kuniuliza inaandikwaje. (Makofi ya wajumbe wa kamati. Yule mama wa benchi la kwanza amesimama na mfuko wake, anapanda ngazi za jukwaa.)

Mama, kipengele cha kumi na nne bado. (Mama: Nimengoja miaka sita, baba. Namtazama mwanangu tu, sitasema neno.) Mwacheni, mwacheni apite. Wapiga picha, jongeeni, hii ndiyo taswira tunayoitaka. Mwanao ni nani, mama? (Mama: Mtaani wanamwita Kijiti. Ukimwona utajua kwa nini.) Haya, mtafute Kijiti polepole, mimi naendelea. (Mama anapita mbele ya safu ya waliovaa kombati, anainama, anachungulia chini ya kila kofia.)

Nilikuwa nazungumzia mafanikio. Kwa mujibu wa takwimu, ari ya askari wetu kule imepanda kwa asilimia mia na kumi, kipimo ambacho mashine yetu ilikataa kukipokea hadi tulipobadilisha mashine. Nini, mama? Mama anasema hawa wote wana vitambi. Ndiyo, mama yangu, hilo ni eneo la lishe, na nalipongeza sana jeshi letu kwa kumchukua kijana mwembamba na kumrudisha na mwili. (Mama: Na kimo je, baba? Kijiti alikuwa anainama kupita mlangoni kwangu. Hawa wangepita na kofia zao na nafasi ingebaki.) Vita ina mambo mengi, mama. Endelea kutazama, hujafika mwisho wa safu. (Watu kwenye mabenchi wameacha kupiga makofi. Wanamtazama mama.)

Tuje kwenye changamoto. Kuondoa askari elfu nne si sawa na kuhamisha viti vya harusi. Wataalamu wanatuambia kwamba ili elfu nne waondoke salama, lazima wawepo elfu mbili wa kuwalinda njiani. Na hao elfu mbili wataondokaje? Kwa kulindwa na wengine elfu moja. Kwa hiyo naomba mnielewe vizuri ninapotangaza kwamba mwezi ujao, katika awamu ya kwanza ya kuwaondoa askari wetu, tutapeleka askari elfu tatu. (Minong'ono. Baba mmoja: Mheshimiwa, ninaye mmoja tu aliyebaki nyumbani.) Na huyo mmoja, mzee wangu, ndiye atakayemlinda kaka yake akirudi. Sijui familia gani ingependa ulinzi wa mtu baki wakati ndugu yupo.

Kwa kuwa muda si rafiki, naomba nihitimishe kwa shukrani, maana mimi nililelewa kushukuru. Naishukuru Kamati ya Mapokezi, ambayo ilipoona mwaka wa bajeti unafungwa keshokutwa na fungu la mapokezi halijaguswa, ilikuwa na busara ya kuyafanya mapokezi kwanza ili kurudi kufuate baadaye kwa utaratibu wake. Namshukuru aliyetuazima miwani. Nawashukuru kwa dhati wapuliza tarumbeta wa bendi yetu ya jeshi, waliokubali kuacha vyombo vyao na kukaa hapa nyuma yangu tangu asubuhi kwa niaba ya mashujaa wa Kilima Namba Tisa. Mashujaa wenyewe tunawatumia salamu nyingi huko huko kilimani, ambako kwa taarifa niliyoipokea nikiwa nakunywa chai, wanajiandaa kukiteka kwa mara ya nane. Na kuhusu Mradi wenyewe wa Kuwarejesha, ambao mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu wake kwa mwaka wa tatu sasa, nawaahidi kwa kinywa changu kwamba utaanzishwa. (Hakuna makofi. Mama amefika kwa mtu wa mwisho safuni. Mtu huyo anavua miwani. Anamwambia: Nisamehe, mama. Mimi napuliza tarumbeta. Mama anatoa shati mfukoni, analitazama, analikunja upya na kulirudisha.)

Sasa tumalize kwa kishindo, kamera ziko tayari. Askari wetu. (Hakuna anayejibu.) Naona mmechoka, na vinywaji viko njiani. Askari wetu. (Mama, bila kupaza sauti: Wako wapi?) Hapana, mama, siyo hivyo, tulishakubaliana. Askari wetu. (Benchi la kwanza: Wako wapi?) Wenzangu, kiitikio kina neno moja tu. Askari wetu. (Ukumbi mzima, na wale ishirini wamesimama, kofia mikononi: Wako wapi?)

Kiitikio mmekibadilisha kidogo, lakini ari nimeiona na nitaifikisha kwa Mgeni Rasmi. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Bendi, pigeni. (Mpiga matoazi anamtazama mpiga ngoma. Mpiga ngoma anaweka fimbo zake chini.)