Koili Nne za Injinia

Mjini walimwita Injinia, cheo alichojitunuku mwenyewe siku alipofaulu kubadilisha balbu bila kuanguka. Alipopita mbele ya karakana ya Bi Koleo na kumsikia akilalamika kwamba waya yenye chapa ya usalama imeadimika, moyo ulimjaa huruma. Huruma ya Injinia, kwa bahati mbaya, haikuwahi kuwa ya bure.

Karakana ile ilitengeneza kebo za kuagizwa: mteja anataja mashine yake, Bi Koleo anachagua waya, anakata, anabana vichwa, anakabidhi. Waya isiyo na chapa haikukanyaga meza yake.

Siku chache baadaye Injinia akaingia na koili nne za waya begani, jasho la mtu mwaminifu likimtiririka. Mwanzo wa kila koili ulikuwa shaba halisi yenye chapa. Ndani kulikuwa na chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na ganda la plastiki ambalo lingeshika moto hata kwa kutazamwa vibaya. Kiungo alikificha kwa ustadi ambao, angeutumia kwenye kazi halali, angekuwa injinia kweli.

"Shikamoo, mama. Nusu bei, kwa heshima yako tu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione."

Bi Koleo alikata kipande cha mwanzo, akasoma chapa, akakiwasha kwa kiberiti. Alipoondoa kiberiti, moto ukazima wenyewe, kama inavyotakiwa. Akalipa papo hapo.

"Umeniokoa," akasema, akizisukuma koili chini ya meza. "Leo nafunga kebo ya oveni. Kuna mama mmoja nyuma ya soko, anaoka mikate. Mguu wake mbovu, hawezi kukimbia likitokea la kutokea. Ndiyo maana nataka waya ya uhakika."

Injinia akakauka. Mwoka mikate mwenye mguu mbovu nyuma ya soko alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyemzaa. Huyu ni mtu aliyewahi kuuza makaburi kama viwanja vya kujenga, akalala fofofo. Sasa aliogopa, aliogopa kweli.

"Mama, hizo koili... nimekumbuka zina mwenyewe."

"Zimeshauzwa, baba. Labda uniletee nyingine zenye chapa, kabla sijaanza kazi."

Alitoka mbio. Duka la waya halali halikupunguza bei hata kwa machozi, ambayo safari hii hayakuwa ya kuigiza. Zikaenda pesa za Bi Koleo zote, ikafuata akiba yake, mwisho akavua na saa ya mkononi. Akarudi anahema na koili nne mpya.

Bi Koleo hakugusa mwanzo. Alifungua koili hadi katikati, akakata kipande, akakiwasha. Moto ukazima.

"Hapo sawa. Zako zile mlangoni, sijazitumia."

"Na oveni ya yule mama?"

"Kebo yake nilishaifunga wiki iliyopita."

Injinia akaketi juu ya koili zake za chuma.

"Mama yako alinionya ana mwana muuza waya, nisinunue kwake hata kwa bure," Bi Koleo akasema, akinoa kisu chake. "Nikamuuliza, sasa waya nzuri nitaipata wapi? Akasema, 'Nitaje mimi tu, ataileta mbio.' Kasema pia upitie mkate wako."