Nilivyopata Kiwanja cha Mama Kando ya Barabara

Jumatatu, 2 Juni

Habari njema, na sijazizoea. Asubuhi tukimega wali wa kunata, Mama katangaza kwamba magoti yake yamechoka, na hataki sisi watoto tuje kugombana huku majivu yake bado ya moto. Ataandikisha ardhi angali hai. Nyumba ni ya Lamai, mdogo wangu. Hilo halina mjadala, kwetu Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, binti wa mwisho ndiye hubaki na wazazi na nyumba ni yake. Lakini kiwanja cha kando ya barabara kuu, rai mbili, yapata nusu ya uwanja wa mpira, hakijatajiwa mtu. Kasema tu kitakwenda kwa mtoto mwenye shukrani.

Mimi nina shukrani tele. Nina miaka arobaini na sita, naishi chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la mke wangu Ratri, na sijawahi kumiliki kitu kisichobebeka kwa pikipiki. Nilifuga nyenje wa kuliwa, wakatoroka. Nikapanda uyoga, ukaota kila mahali isipokuwa nilipoupanda. Sasa ni zamu ya mgahawa wa kahawa, wenye bembea na ukuta wa maua wa kupigia picha. Nimeshaagiza kibao. Ratri kauliza tangu lini kibao kikatangulia kiwanja. Hana maono.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango wa kwanza. Nimemwosha Mama miguu kwa maji ya yasmini, nimepiga magoti kabisa. Majirani wawili wameniona. Safi.

Tatizo ni moja. Kwetu mtoto hamwoshi mzazi miguu hivi hivi. Huwa anaomba radhi, na Songkran, siku za kuombana radhi, zilipita tangu Aprili. Mama kanitazama weee, kisha kauliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akasema sema tu mwanangu, sikasiriki. Maji yanapoa. Ikabidi nitafute kosa. Nikakiri kwamba ni mimi niliyeitumbukiza kisimani redio ya marehemu Baba, si Lamai.

Lamai alikuwa mlangoni na kapu la mboga. Kumbe alichapwa kwa ajili ya redio ile, akiwa na miaka saba. Idadi ya fimbo anaikumbuka. Kaniambia kaka, we endelea kuosha, huenda ukakumbuka na mengine.

Jumamosi, 7 Juni

Lamai anacheza rafu. Kila mwezi anampeleka Mama hospitali, kila jioni anamkanda magoti, na amefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Si haki. Alianza mapema.

Lakini leo, nikiwa kwenye foleni ya mishikaki, wazo limenishukia. Utawa! Mwana wa kiume akivaa joho la mtawa, thawabu zote zinamwendea mama yake. Hakuna shukrani inayopita hiyo, na mabinti hawana ruhusa. Siku saba tu zinatosha. Wenzangu walivaa wakiwa na miaka ishirini, mimi niliahirisha kwa sababu ya nyenje.

Nimekwenda mbio kumwambia Mama. Kalia. Kasema alishakata tamaa ya kuniona kwenye joho kabla hajafa. Nami nikalia, na kwa dakika nzima hivi sikukiwaza kiwanja hata kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Nimekuwa mtawa. Mama kakata shungi la kwanza kwa mkasi. Waliobaki wakanyoa kichwa chote, halafu nyusi. Nyusi nilikuwa nimezisahau. Nimejitazama kwenye beseni, ni yai tupu. Lamai kanibebea mto mpaka hekaluni bila kunitania hata neno moja, jambo lililonitia wasiwasi.

Jumatano, 18 Juni

Njaa. Mtawa hali kitu baada ya saa sita mchana. Ikifika saa nane nawaza kuku wa kuchoma. Ikifika saa kumi nawaza hata wale nyenje.

Mtawa mkuu kanipa ufagio. Nilikuwa nafagia majani huku nikipanga meza za mgahawa akilini, akaja akasema umefagia hapo hapo nusu saa, kuna nini hapo? Nikasema kaunta. Sijui kwa nini nilisema kweli. Akafikiri, kisha akasema haya, ukimaliza kaunta fagia na upande wa wateja.

Mama huja njiani kila alfajiri kunitilia chakula kwenye bakuli. Leo kapiga magoti kwenye kokoto, na magoti yale yale mabovu, akanisujudia. Mimi! Nilitaka kumwinua, lakini mtawa hamgusi mwanamke, hata mama yake. Nikabaki nimekodolea macho wali. Ulikuwa bado wa moto. Nimeumia, nasema kweli.

Jumatatu, 23 Juni

Jana nimevua joho. Leo Mama katamka mbele ya Lamai kwamba kiwanja cha barabarani ni changu, kwa zawadi, na Alhamisi tunakwenda ofisi ya ardhi. Lamai kasema sawa Mama. Sawa tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikaishia kuwa mpole.

Ratri kauliza kama nimeuliza masharti. Nikamwambia zawadi haina masharti, ndiyo maana ikaitwa zawadi.

Alhamisi, 26 Juni

Siku kubwa. Tumeshika foleni tangu saa moja. Picha ya kitambulisho changu ina nyusi nene kama brashi ya viatu, na mimi usoni sina kitu, kwa hiyo Ratri alinichora kwa wanja. Nilipendeza. Lakini feni ya ofisi ni mbovu, na zamu yetu ilipofika nyusi moja ilikuwa imefika shavuni.

Afisa, mama mmoja mtaratibu sana, katazama kitambulisho, kanitazama, kamuuliza Mama kama anamfahamu huyu mtu. Mama kasema anafanana na mwanawe. Anafanana! Afisa akataka mwenyekiti wa kijiji aje kunitambua. Mwenyekiti alikuwa ndani ya bwawa lake anavua samaki, akasema kwenye simu atakuja akikauka. Saa nne nzima.

Sikuzipoteza. Nimevuka barabara kufanya utafiti kwenye mgahawa wa kahawa wa pale, vikombe vitatu. Nilipochungulia dirishani nikamwona Mama kavuta kiti karibu na afisa, wanakula machipukizi ya mianzi kwenye kopo lake na kuzungumza kama watu waliosoma pamoja. Nikafurahi. Ofisini lazima uwe na mtu.

Mwenyekiti kafika saa nane, suruali mbichi, kasema ndiye, kwa masikitiko ndiye. Afisa akamuuliza Mama anatoa kwa sababu gani. Kasema kwa upendo. Afisa akamuuliza kama anajua kwamba mtoto akimtukana vibaya au akimwacha na njaa, yeye anaweza kwenda mahakamani kuidai ardhi irudi. Kasema keshaelezwa yote, hilo na la upande wa nyuma. Mimi nikasaini, nikasaini, nikasaini. Hati ina muhuri mwekundu na jina langu kwa herufi nzuri. Nimeilaza kifuani njia nzima.

Ijumaa, 27 Juni

Nimekwenda na hati yangu, vigingi kumi na kamba kupima mahali pa bembea. Nimewakuta Mama na Lamai wanapanda maboga pale nilipopangia maegesho.

Nikamwambia Mama, kwa adabu, kwamba hapa ni kwangu. Kasema ndiyo, ni kwako, nani kabisha. Akaniambia nigeuze hati. Nyuma pameandikwa kwamba Mama ana haki ya kuvuna na kula katika ardhi hii maisha yake yote. Jina ni langu. Kodi yake ni yangu. Kulima, kujenga, kukodisha na kila kinachoota ni vyake mpaka afe. Afisa alimfundisha wakati nafanya utafiti. Bibi, mama yake Mama, alikufa na miaka tisini na nane, na siku hiyo alikuwa katoka kuchuma pilipili.

Lugha chafu ilinijia mpaka kwenye meno. Nikakumbuka mahakama. Nikatabasamu. Nikasema hongera Mama.

Mama kakaa kwenye ndoo. Kasema mwanangu, ningekupa hivi hivi, mvua zijazo ungekuwa umeshakiuza. Nakujua, nimekuzaa. Sasa nitakula maboga, na siku nikiondoka utakuwa na mahali pa kusimama, utake usitake. Na joho hukuvaa kwa ajili yangu, hilo pia najua, lakini nilikuona nalo, basi nimeridhika.

Lamai kanipa saladi ya papai bichi, pilipili tupu, kwa hiyo machozi yangu yana maelezo.

Jumapili, 29 Juni

Nimeliwaza jambo hili siku mbili na nimelipatia dawa. Ni rahisi mno, nashangaa wamekosa kuliona. Kama haki ya kutumia kiwanja ni ya Mama, basi mgahawa nao uwe wa Mama! Nimekwenda asubuhi na mapema kumweleza: mwenyewe akae kitini apumzishe magoti, kazi zote niachie mimi.

Nilitegemea upinzani. Hakuna. Kakubali kabla sijamaliza, kasema wazo zuri mwanangu, tuliandike kabisa lisije likapotea. Lamai akaleta daftari akaandika, kurasa tatu, bila kuinua kichwa, yaani mtoto yule ana mwandiko. Mwenyekiti wa kijiji kaitwa kushuhudia, safari hii kanitambua mara moja.

Ratri alikuwa kasimama nyuma yangu. Kaninong'oneza nisome kwanza. Nikamwambia mke wangu, huyu ni mama yangu mzazi, nisome nini? Nimesaini kurasa zote tatu, pale palipoandikwa "mfanyakazi", na ya nne niliyoletewa baadaye. Kesho alfajiri naanza. Lamai kasema nije na glavu za kuoshea vyombo, sijui za nini.